Kabla Hujajiunga na Chuo Kusomea Sanaa ya Gemu

Anza kwa kusoma orodha ya masomo, maana jina la kozi hupotosha. Chini ya neno "gemu" vyuo huweka fani tatu tofauti: uandishi wa programu, utungaji wa mchezo wenyewe (kanuni zake, hatua zake, ugumu wake), na sanaa, yaani watu, majengo, vitu na mwanga anaouona mchezaji. Hata Abertay ya Dundee, Uskoti, iliyoanzisha shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997, hutenganisha sanaa na teknolojia. Usipoona uchoraji wa umbo la binadamu, uundaji wa maumbo ya 3D, utengenezaji wa tekscha (picha zinazovikwa juu ya umbo kulipa rangi na sura) na matumizi ya injini ya gemu (programu ambamo mchezo huunganishwa na kuendeshwa), hiyo si kozi yako. Tazama pia kazi za wahitimu wa karibuni.

Noa mkono mapema. Kila siku chora kwa penseli michoro kumi ya dakika mbili mbili: mpita njia, dereva wa bodaboda, muuza madafu. Kisha mmoja wa saa nzima wa kitu kilichotulia. Kosa la uwiano halifichwi na programu yoyote. Mkono uliokuwa mfupi kwenye karatasi utakuwa mfupi kwenye 3D, na huko kuurekebisha kunakula siku.

Kompyuta iwe na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 16 (32 ni bora), kadi ya picha inayojitegemea yenye kumbukumbu ya GB 8, au 6 kama mfuko umebana, na SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya TB 1. Usimalize fedha zote hapo ukasahau tableti ya kuchorea. Ya ukubwa wa A5 inatosha kabisa. Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, na Krita, ya kuchorea, ni za bure. Maya, programu nyingine ya 3D, usiinunue wala usitafute ya wizi: Autodesk, kampuni inayoitengeneza, huwapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja mmoja ukithibitisha usajili wako. Injini ya Unreal ina uzito wa makumi ya GB, kwa hiyo ipakue kwenye intaneti ya uhakika kabla bando halijawa tatizo. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili huweza kuharibika. Hifadhi kwa majina yanayofuatana, mbuzi_01, mbuzi_02, badala ya kuandika juu ya lile lile.

Mbuzi ndiyo hasa tunayoipendekeza iwe kazi ya kwanza: mbuzi ya kukunia nazi. Ina mbao na chuma, ina sehemu iliyong'arishwa na makalio na meno yaliyochakaa. Ipige picha zisizopungua 20 kivulini, kila upande, rula ikiwa kando. Iunde kwa vipimo vyake halisi; pembetatu (vipande bapa vinavyojenga umbo la 3D) 1,500 hadi 3,000 zinatosha. Kisha ifikishe hadi ndani ya injini, kwa sababu makosa mengi hujitokeza hapo.

Kitu kikifika kikubwa kama nyumba au kidogo kama punje, huenda hukuidhinisha skeli, yaani kipimo cha ukubwa wake, katika Blender (Ctrl+A). Upande mmoja ukipotea na kuonekana kama shimo, uso huo (kipande bapa cha umbo) umegeuka ndani nje, na injini haichori mgongo wa uso. Washa onyesho la mwelekeo wa nyuso: zilizogeuka huwa nyekundu. Zichague zote, bonyeza Shift+N. Nakshi zikionekana kuchimbwa pale zilipopaswa kuinuka, tatizo liko kwenye picha ya nomali, tekscha inayoeleza miinuko na mabonde kwa rangi: Blender na Unity (injini nyingine ya gemu) husoma kijani chake kuelekea juu, Unreal kuelekea chini. Geuza mkondo wa kijani, yaani sehemu ya kijani ya picha hiyo, na mambo yatakaa sawa.

Ukubwa wa tekscha upigie hesabu. Ukiamua pikseli 512 kwa kila mita, mlango wa mita 2 unahitaji pikseli 1,024 kwenda juu, basi. Wanaoanza hupenda kuweka tekscha ya pikseli 4,096 kwa 4,096 kwenye kila kitu. Picha hiyo isipobanwa hula MB 64 za kumbukumbu, wakati ya 1,024 kwa 1,024 hula 4. Kigoda kimoja hakistahili mzigo huo, na mwalimu anayekagua ataliona kosa hilo mara moja.

Kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako unaoutuma chuoni, kazi tano zilizokamilika zinapita ishirini zilizoachwa njiani, isipokuwa chuo kimetaja idadi yake. Kwa kila kitu cha 3D weka picha ya mwisho iliyopigwa ndani ya injini, picha ya waya wa pembetatu (inayoonyesha mistari ya pembetatu zake tu), na tekscha zake, kisha andika idadi ya pembetatu na ukubwa wa tekscha. Michoro ya penseli iwemo pia, iliyopigwa picha mchana karibu na dirisha, bila flashi. Ukimaliza, fungua faili hilo kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kulituma: viungo vinavyodai ruhusa na video zisizocheza utaviona hapo, ungali na muda wa kuvirekebisha.