SOMO: Jinsi ya kumpima kocha mkuu kabla hamjasaini

Kila msimu ukiisha swali la viongozi wa klabu ni lilelile: "Tuna wasifu wa makocha 60, tuanzie wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nazungumzia Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

1. Andikeni lengo. Kutoshuka daraja na kufika hatua ya makundi ya mashindano ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika) havihitaji kocha wa aina moja.

2. Leseni. Mashindano ya CAF yanataka leseni ya ukocha ya CAF daraja A au inayolingana nayo. Kama ni ya bara lingine, pelekeni nakala TFF (shirikisho la soka Tanzania) mjibiwe kwa maandishi kabla ya kugusa mshahara.

3. Pointi kwa mechi, mkilinganisha na mtangulizi wake kwenye klabu ileile. Aliyepata pointi 36 katika mechi 30 (1.2) kwa timu aliyoikuta na 0.8 amefanya kazi kuliko mwenye 1.9 aliyeikuta timu na 2.1. Chini ya mechi 15, msihukumu.

4. Video. Hapa wengi tumeungua. Wakala atawatumia dakika nane za mabao, ziwekeni kando. Chagueni wenyewe mechi tano kamili: mbili alizofungwa, sare ya ugenini, moja aliyocheza na wachezaji pungufu, na moja ya uwanja mbovu. Tazameni dakika 10 baada ya kufungwa: mabeki wanasogea juu kwa mpango au kila mtu anakimbilia mpira? Andikeni dakika ya kila sabu na kilichobadilika. Anayebadili mtu kwa mtu wa nafasi ileile mechi zote tano hana mpango wa pili. Tahadhari: timu inayoanza mpira nyuma kwenye nyasi bandia za Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, inaweza kujifunga yenyewe kwenye uwanja wenye mabonde. Tahadhari nyingine: msitazame mkijua matokeo. Mmoja aandae video, wengine watoe alama kwanza.

5. Usaili. Mpeni kikosi chenu halisi na ratiba: Jumatano Bukoba, Jumapili Mbeya. Aandike mazoezi ya siku kwa siku. Akisahau safari, mmeshapata jibu.

6. Ulizieni kwa daktari na kocha wa viungo waliofanya naye kazi, siyo kwa mwenyekiti. Swali la kwanza: wangapi waliumia misuli ya paja wiki sita za mwanzo?

7. Mkataba. Fidia ya kuvunja iandikwe kwa idadi ya mishahara. Msipoiandika, FIFA kwa kawaida huanzia mishahara yote iliyobaki, na msipolipa mnafungiwa kusajili hadi madirisha matatu.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo mzungu au mzawa?
Soma hatua ya 1 hadi 7. Hakuna iliyouliza pasipoti.

— Kocha ana medali tatu, video za nini tena?
Medali ziko kwenye wasifu. Hatua ya 3 na ya 4 zinaeleza alizipataje. Umeruka.

— Kaka, aliyepoteza fainali tunampimaje?
Swali zuri sana, dada. Chukua Yanga ya kocha Nabi, fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Walifungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, Uwanja wa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0; jumla ikawa 2-2, USM Alger wakachukua kombe kwa mabao mengi ya ugenini. Ukisoma matokeo tu, ni kocha aliyekosa kombe. Kwenye video utaona timu iliyokwenda ikiwa nyuma na haikuvurugika. Mkanda wa mechi ya pili ndio wa kumpimia kocha.

— Anataka kuja na wasaidizi wanne.
Kubalini wawili, mmoja awe wa viungo. Kocha msaidizi mzawa abaki. Kocha mkuu akiondoka katikati ya msimu, huyo ndiye anayewajua wachezaji. Na kila msaidizi awe na mkataba wake, unaokoma pamoja na wa bosi wake.

— Na kocha wa makipa?
Aulizwe kipa namba mbili. Namba moja atamsifia tu.