Kutafuta Pete Iliyopotea Ufuoni Mombasa kwa Detekta ya Metali

Pete ikichopoka kidoleni kwenye maji ya Nyali au Bamburi, simama hapo hapo kabla ya kuanza kupapasa. Tafuta vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja mbele yako, kimoja nyuma ya kingine, tuseme mnazi na kona ya paa, kisha vingine viwili upande wa kulia au kushoto. Wavuvi hulijua tumbawe lao kwa njia hii, na mistari miwili inayokutana hukurudisha mahali pale pale hata siku tatu baadaye. Piga picha pande zote mbili kwa simu, andika na saa. Ramani ya simu yaweza kukosea mita tano au zaidi, na mita tano za mchanga ni kazi ya asubuhi nzima. Kupapasa kwa miguu ndiko kunakoizamisha pete zaidi.

Halafu angalia maji. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji huwa makavu kabisa takriban kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mahali palipokufika kifuani jioni, asubuhi utapakuta ni mchanga mtupu. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na huenda sehemu hiyo isianike kabisa. Jedwali la maji la Kilindini litakupa saa kamili. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Fika muda wa saa mbili kabla ya kupwa kabisa, yafuate maji yanaposhuka, kisha rudi nayo yakianza kujaa.

Sasa mashine. Detekta za bei nafuu hufanya kazi kwa masafa mamoja tu, yaani frikwensi moja. Kwenye mchanga mkavu na uani ni nzuri, lakini mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine hiyo huudhania metali ikawa inalia ovyo. Ya masafa mengi kwa pamoja huistahimili chumvi, na kwa ufuo wetu ndiyo tungeichagua. Ipo aina ya tatu, ya mipigo ya umeme: hii haijali chumvi na husikia mbali, ila haitofautishi dhahabu na msumari. Pale kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako vizibo vya soda vimelala kama kokoto, utachimba hadi mgongo ukatae.

Ukiwa na ya masafa mamoja, punguza nguvu ya kusikia mpaka inyamaze, isawazishe juu ya mchanga ule ule uliolowa, na tembea sambamba na maji. Ukienda juu na chini, kila hatua unabadilisha kiasi cha unyevu na mashine inachanganyikiwa. Soma pia maelekezo yake: nyingi zina koili (lile duara la chini linalopitishwa juu ya mchanga) isiyoingia maji lakini kisanduku cha juu kikiguswa na wimbi moja tu, basi.

Kabla ya kwenda, yazoeze masikio. Chukua pete ya dhahabu inayofanana na iliyopotea, ifunge uzi wa nailoni wa nusu mita, uizike sm 10 ndani ya mchanga mbichi, ncha ya uzi ikibaki nje. Pitisha koili, andika nambari inayoonyeshwa. Fanya hivyo hivyo kwa kizibo, kipande cha foili ya chakula na kile kijiringi cha kufungulia kopo la soda. Hapo utaona shida kubwa ya kazi hii: pete nyembamba ya dhahabu hukaa karibu na foili, na nene hukaa karibu na kijiringi. Mwenye kuizima foili, yaani kuiweka mashine isilie kwa foili, ili asisumbuke ameizima na pete. Zima chuma tu ukitaka, mengine yote chimba. Fedha ni rahisi zaidi, kwani hulia juu na safi.

Mkufu ni mtihani mwingine. Mashine haiusikii mkufu mzima kama kitu kimoja. Husikia pingili moja moja, na kila pingili ni ndogo mno. Pete nene ya kiume yaweza kusikika sm 20 chini, nyembamba sm 10 hadi 15, lakini mkufu mwembamba waweza kukupita hata ukiwa sm 5 tu. Kinachosikika mara nyingi ni kifungio chake au kidani. Kwa hiyo ukitafuta mkufu, kipini au herini ndogo, tumia koili ndogo, nenda polepole mno, na usidharau mlio hafifu unaojirudia. Pete iliyokatika nayo hulia vibaya kuliko nzima, kwa kuwa duara lake limevunjika.

Pima eneo. Vigingi vinne na kamba, mraba wa mita 10 kwa 10, pale mistari yako miwili inapokutana pakiwa katikati, ugawe kwa vichochoro vya mita moja. Koili ilale sawa na mchanga, sm 2 au 3 juu yake, isipandishwe mwishoni mwa kila mpigo kama fyekeo. Kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza, funga kamba kwa upande mwingine uupite mraba tena kwa kukatiza. Pete iliyosimama wima husikika vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Mkiwa wawili wenye mashine, achaneni mita 10 au zaidi, na simu ikae mbali na koili.

Mlio ukijirudia mahali pamoja, pitisha koili kwa msalaba, weka alama, kisha chota kwa beleshi la matundu ukianzia nyuma kidogo ya alama, ili ncha isiikwaruze pete. Matundu ya mm 8 yanatosha kwa pete, herini hupenya. Pitisha koili tena juu ya shimo kabla ya kuchekecha: kama bado linalia, kitu kimo ndani. Fukia kila shimo. Watoto hukimbia pale, na ngamia wa kupandisha watalii hupita hapo hapo.

Ikiwa pete ilipotea zamani, achana na mistari ile usome ufuo. Dhahabu ni nzito, huzama kwenye mchanga unaotikiswa mpaka ikutane na tabaka gumu la makombe au mwamba. Bahari hupanga vitu kwa uzito, kwa hiyo ukianza kupata chubwi za mishipi na sarafu mahali pamoja, punguza mwendo na usiondoke hapo. Kusi likishavuma kwa nguvu, mchanga wa juu huchukuliwa na vilivyokuwa mbali chini hukaribia. Ikianza Kaskazi, mchanga huhama tena.

Kuna mahali pa kutochimba. Sehemu ya bahari hii ni hifadhi iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, basi uliza kwanza. Juu ya mstari wa maji kujaa kasa hutaga, usiguse. Fort Jesus, Mji wa Kale na maji ya karibu, ambako meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697, ni turathi, na hapafai kuchimbwa na mtu binafsi. Kwa sheria ya turathi ya 2006, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kwa hiyo senti yenye tundu ya enzi ya mkoloni haimo, bali pesa ya shaba ya 1888 yenye picha ya mizani imo: ukiiona, iache ilivyo, piga picha, peleka taarifa Makumbusho. Uwanja wa mtu una mwenyewe. Ruhusa kwanza, na mkubaliane mapema kitakachopatikana ni cha nani.

Ukiipata pete, isuuze kwa maji baridi yasiyo chumvi, usiisugue. Dhahabu hutosheka na maji vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Fedha iliyokuwa baharini hutoka nyeusi: tandika foili ndani ya bakuli, weka kijiko cha bikaboneti ya soda, mimina maji moto, ilaze juu ya foili dakika chache. Usifanye hivyo kwa kitu chenye lulu, jiwe lililogandishwa kwa gundi, au nakshi iliyotiwa weusi makusudi. Ndani ya pete tafuta muhuri: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9, 925 ni fedha. Pete za zamani za masonara wa hapa huenda zisiwe na muhuri wowote, na hapo sonara ataipima kwa kuisugua kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu. Detekta nayo ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, koili na mpini, ikauke kivulini.