Jinsi ya kupiga mnada dhamana ya mkopo nchini Kenya: anzia kwenye sajili

Mwezi uliopita taasisi yetu ndogo ya mikopo ilikamata mashine ya kusaga mahindi ya mteja ambaye hakuwa amelipa kwa miezi saba. Dalali aliipeleka kwenye yadi yake, tukalipia tangazo la gazeti, na siku tatu kabla ya mnada ikaja barua ya wakili. Mashine ileile ilikuwa dhamana ya mkopeshaji mwingine, na kisheria yeye ndiye aliyetutangulia. Nawaandikia wenzangu mnaoendesha kampuni ndogo za mikopo, kwa sababu hasara ile ingeepukika.

Tuliponzwa na jambo la siku ya kutoa mkopo. Tulichukua risiti halisi ya ununuzi wa mashine, mteja akatia sahihi mkataba mbele ya wadhamini wawili, na risiti tukaifungia kwenye sefu. Tuliamini kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye mali. Tangu 2017 mambo hayaendi hivyo. Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Zinazohamishika ya mwaka huo inampa kipaumbele aliyetangulia kusajili ilani yake, yaani taarifa kwamba mali fulani ni dhamana yake, kwenye sajili ya dhamana, inayofikiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mkopeshaji yule alimkopesha mteja wetu miezi mitano baada yetu, lakini alisajili ilani. Sisi hatukusajili kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali simu, ingia kwenye sajili na utafute. Weka namba ya kitambulisho cha mteja. Ikiwa dhamana ni pikipiki au gari, tafuta pia kwa namba ya chesisi. Chapisha majibu uyaweke kwenye faili. Ukikuta jina la mkopeshaji mwingine, soma tarehe ya ilani yake ulinganishe na yako. Akiwa amekutangulia, zungumza naye kwanza, maana pesa za mnada zitamfikia yeye kabla yako, na huenda zisikufikie. Na kama hujasajili dhamana za mikopo uliyo nayo sasa, chukua wiki moja uzisajili zote. Ilani inayosajiliwa leo itakuwa nyuma ya zilizotangulia, lakini kwa kawaida itakuwa mbele ya zitakazokuja.

Namba za chesisi zisomwe kwenye chuma chenyewe. Afisa wetu wa mikopo alikuwa akinakili kutoka kwenye hati, na tulipokwenda kukagua pikipiki moja kwa tochi tukakuta herufi moja imekosewa. Atakayetafuta kwa namba sahihi hataiona ilani yenye namba mbaya.

Barua ya kumjulisha mteja kwamba amekiuka mkataba mnaijua. Andika kiasi anachodaiwa, ukitenganisha mkopo, riba na adhabu, umpe muda wa kulipa, na uhifadhi ushahidi kwamba imemfikia.

Kisha mchague dalali. Awe na leseni ya Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali iliyoundwa chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na leseni iwe hai mwaka huu, mwombe akuonyeshe. Barua ya maagizo unayompa itaje deni, mali yenyewe na mahali ilipo, na bei ya chini unayoikubali kama unayo. Msikubaliane kwa simu tu.

Hapo zinaanza siku saba, na naomba msizichezee. Kwa mujibu wa kanuni za madalali za 1997, dalali hufika mahali mali ilipo, huorodhesha kila kitu pamoja na hali yake na thamani yake, na mwenye mali au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi pale hutia sahihi. Akikataa, dalali huandika cheti cha kukataa. Mwenye mali hupewa notisi ya siku saba, na ndani ya siku hizo anaweza kulipa akaikomboa mali yake. Siku hizo ni zake. Mteja wetu mmoja alifika siku ya sita jioni, pesa zikiwa kwenye mfuko wa nailoni, nyingine za shemeji yake, akakomboa friji ya duka lake. Tungeichukua siku ya nne tungekuwa tumemdhulumu, na mahakama ingetuambia hivyo.

Siku saba zikiisha bila malipo, dalali huhamisha mali hadi mahali salama na kuitangaza gazetini ndani ya siku saba nyingine. Mnada haufanyiki kabla ya siku saba kupita tangu tangazo la kwanza. Weka tarehe hizi zote kwenye ukurasa mmoja wa kalenda, maana kosa la siku moja linampa wakili wa mteja sababu ya kuomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada.

Mlango ukifungwa, usivunjwe. Dalali anayeona kwamba italazimu kuvunja, au kwamba patatokea vurugu, anapaswa kwenda mahakamani kuomba amri ya kusaidiwa na polisi. Vijana wa kukodi wasitumwe kwa jina la kampuni yako hata siku moja. Mteja ana watoto mle ndani.

Gharama za dalali kwa kawaida hubebwa na mdaiwa, lakini mauzo yasipotosha zinakurudia wewe uliyetoa maagizo. Sisi tulilipa usafirishaji, yadi na tangazo bila kupata kitu. Omba makadirio ya maandishi mapema, na ukiona ada imezidi ile iliyowekwa kwenye kanuni, una haki ya kuomba ikaguliwe na Bodi au, kutegemea shauri, na msajili wa mahakama.

Siku ya mnada hudhuria mwenyewe, uandike bei ya mwisho na jina la mnunuzi. Usinunue kupitia jamaa yako.

Fedha hulipa kwanza gharama za mnada, kisha madeni kwa mpangilio wa kipaumbele. Kinachobaki ni mali ya mteja. Mpelekee pamoja na hesabu iliyoandikwa, hata kama hajauliza. Pesa zikipungua, bado anadaiwa salio, na hesabu ileile ndiyo itakayokusaidia kulidai.

Deni likishaisha, rudi kwenye sajili uifute ilani yako. Mteja wetu wa friji alikwenda kukopa kwingine akakataliwa, kwa sababu jina letu lilikuwa bado limemkalia. Tuliifuta siku ileile aliyokuja kutuambia.