Vikombe kuwa gramu: anza kwa kukipima kikombe chenyewe

Mapishi mengi ya kwetu huchanganya vipimo: unga nusu kilo, sukari kikombe, mafuta vijiko vitatu. Tatizo ni kikombe. Kinachokusudiwa kwa kawaida ni cha mililita 250 (mapishi ya Marekani hutumia takriban 240), lakini cha chai kilichoko kabatini kinaweza kuwa 180 au hata 300.

Kukijua ni rahisi. Fungua chupa mpya ya maji ya nusu lita, umimine. Ikijaza vikombe viwili barabara, ni 250. Ukiwa na mizani, weka kikombe kitupu, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha jaza maji: gramu utakazosoma ndizo mililita zake.

Usawa huo ni wa maji. Kikombe hichohicho cha 250 hubeba takriban:

maziwa, gramu 255
sukari ya kawaida, 210
mafuta ya kula, 230
mchele mbichi, 195
asali, 355
unga wa ngano, 130, ukipimwa vizuri

Huna mizani? Pakiti iliyofungwa kiwandani inatosha. Hesabu vikombe vinavyotoka kwenye kilo ya sukari, kisha gawanya 1,000 kwa idadi hiyo. Vikitoka vinne na robo tatu, kila kimoja ni kama gramu 210. Andika namba hiyo kwenye utepe, ubandike chini ya kikombe.

Unga ndio unaoharibu mapishi. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kutoka pakitini, unaushindilia, na kikombe kinafika gramu 150 au zaidi. Uvuruge kwanza kwa uma, uteke kwa kijiko, ujaze mpaka ufurike, halafu sawazisha kwa mgongo wa kisu. Usigonge kikombe mezani! Kwa vikombe vinne vya chapati, tofauti ni kati ya gramu 520 na 600. Maji mililita 300 yanalainisha vizuri zile 520. Kwenye 600 donge linakuwa gumu na chapati zinapasuka pembeni. Wengi hapo huongeza mafuta, kumbe kilichopungua ni maji. Na ukisoma "unga uliochekechwa", chekecha kabla ya kupima. Ukisoma "pima unga, kisha uchekeche", ni kinyume chake.

Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Vijiko vya kulia havifanani, kwa hiyo tumia vile vya kupimia. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 6, cha hamira kavu kama 3. Hapa mimi ningeiacha mizani: nyingi za jikoni zinasoma gramu nzima tu na hazieleweki chini ya gramu 5. Hamira pima kwa kijiko, unga kwa mizani.

Samli na siagi iliyoganda huacha mapengo ya hewa ndani ya kikombe. Kama unataka nusu kikombe (mililita 125, karibu gramu 115), jaza maji baridi hadi nusu, tumbukiza vipande na uvizamishe kwa ncha ya kisu mpaka maji yafike ukingoni, kisha mwaga maji yote na kausha vipande kwa kitambaa safi.