Jinsi ya Kuhamisha na Kukarabati Daraja Kongwe la Chuma

Madaraja mengi ya chuma yaliyojengwa Marekani kati ya miaka ya 1870 na 1900 yaliundwa kiwandani, yakapakiwa vipande vipande kwenye mabehewa ya treni, kisha yakaunganishwa mtoni na kikosi kidogo cha mafundi kwa pini na nati. Reli ya Uganda nayo ilipata madaraja yake kadhaa kwa njia hiyohiyo: vyuma vyake vilitengenezwa na American Bridge Company na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20. Anayetaka kuhamisha daraja la aina hii aanze kwa kuelewa kwamba lilizaliwa likiwa mzigo wa safari. Kazi yake ni kurudi kinyumenyume katika njia ambayo waliolijenga waliipita, bila kuruka hatua hata moja.

Mfano mzuri ni Daraja la Kern katika jimbo la Minnesota, lililojengwa mwaka 1873 na Wrought Iron Bridge Company ya mji wa Canton, Ohio, likivuka mto Le Sueur kwa upinde mmoja wa mita 57.6 hivi. Lilifungwa kwa magari mwaka 1991. Mapema mwaka 2020 liliteremshwa kutoka juu ya mto, likafunguliwa, na vipande vyake vikahifadhiwa ndani ya makontena hadi lipatikane eneo jipya, na mji wa Mankato ukachaguliwa kulipokea kwa ajili ya waenda kwa miguu. Ninapenda mpangilio huo kwa sababu kuokoa daraja hakukusubiri fedha zote zikamilike. Chuma kikiwa kikavu na kimeandikwa vizuri kinaweza kungoja, ilhali msingi unaoliwa na maji haungoji.

Kabla ya kugusa nati yoyote, pata idhini ya mmiliki kwa maandishi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1987 sheria ya shirikisho inazitaka mamlaka zinazokusudia kubomoa daraja la kihistoria kwa fedha za shirikisho zilitangaze kwanza kwa yeyote anayeweza kulichukua na kulitunza, na fedha ambazo zingetumika kulibomoa zinaweza kumsaidia mpokeaji. Uliza habari za utaratibu huo mapema, kwa kuwa mkataba wa ubomoaji ukishasainiwa ni vigumu kuurudisha nyuma.

Hatua inayofuata ni kujua chuma chenyewe. Daraja moja linaweza kuwa na chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, katika viungo na mapambo. Chuma cha kufua katika sehemu zinazovutwa. Na feleji katika sehemu zilizoongezwa baadaye. Chuma cha kufua kina nyuzinyuzi kama mti, nacho kikiliwa na kutu hubanduka kwa matabaka. Ukikigusisha kwenye grainda, cheche zake ni hafifu na hazichanuki sana, ilhali za feleji hung'aa na kupasuka kama matawi. Usiishie kwenye cheche. Kata kipande kidogo mahali pasipobeba mzigo ukipeleke maabara, kwa maana hesabu zote za mhandisi zitasimama juu ya jibu hilo.

Kisha andika kila kitu. Chora kenchi zote mbili, yaani fremu za vyuma zilizo kila upande wa daraja, ukiipa kila pembe ya juu na ya chini herufi na namba yake, na kutofautisha kenchi iliyo upande maji yanakotoka na ile iliyo upande yanakoelekea. Kila kipande kifungwe vibati viwili vya aluminiamu vilivyogongwa alama hiyo, kimoja kila ncha, kwa waya. Chaki na rangi hazifai, kwa sababu zitaondoka siku ya kusafisha, na hata vibati vitafunguliwa siku hiyo. Kwa hiyo vipande viingie na kutoka kwenye chumba cha kusafishia kwa mafungu madogo chini ya usimamizi wa mtu mmoja. Jambo hili linaonekana dogo hadi utakapogundua kwamba vyuma viwili bapa vyenye jicho, yaani tundu la pini kwenye ncha, vinavyofanana kabisa kwa macho, vinatofautiana milimita chache kwa urefu kwa kuwa vilifuliwa kimoja kimoja. Ukivibadilishana, kimoja kitabeba mzigo wote na jirani yake atalegea.

Rangi ya zamani ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi hadi vipimo vithibitishe vinginevyo. Pasikatwe kitu kwa moto juu ya rangi hiyo, kwani mvuke wake ni sumu. Sehemu inayohitaji joto ikwanguliwe kwanza. Wafanyakazi wavae barakoa zenye vichujio vinavyofaa, wapimwe damu, na turubai zitandazwe ili magamba ya rangi yasianguke mtoni.

Sasa kunyanyua, na hapa ndipo madaraja yaliyokwisha kudumu zaidi ya miaka 100 huharibika kwa dakika moja. Daraja likiwa limekaa kwenye ncha zake, vyuma vya chini vinavutwa na vya juu vinagandamizwa. Ukilishika katikati na kuziacha ncha zining'inie, nguvu hizo hugeuka: vile vyuma vyembamba vya chini, ambavyo havikuundwa kugandamizwa hata kidogo, hujipinda kama ufito, na viungo vya juu vilivyokuwa vimeegemeana tu hufunguka. Kwa hiyo ondoa kwanza sakafu na boriti ndogo ili kupunguza uzito, funga magogo au mihimili ya feleji kandokando ya vyuma vya chini, tumia boriti ya kunyanyulia yenye urefu wa kutosha, na mikanda ya kreni ishike kwenye pembe za kenchi pekee. Mhandisi akokotoe nguvu katika kila kipande kwa hali hiyo ya kuning'inia, tofauti kabisa na hesabu ya daraja likiwa kazini. Mahali ambapo kreni haifiki, jukwaa la muda hujengwa chini na daraja likafunguliwa papo hapo. Pini zilizoshikwa na kutu hulainishwa kwa mafuta kwa siku kadhaa, kisha hupashwa joto pembeni mwake na kusukumwa kwa jeki. Nyundo nzito itachanua kichwa cha pini na kuifunga kabisa.

Karakanani, adui mkubwa ni kutu iliyojazana kati ya mabamba mawili, kwa kuwa huvimba kuliko chuma ilichokila na kuyatenganisha kwa nguvu. Ondoa ribiti za hapo, yaani vijiti vya chuma visivyo na nati vinavyoshikanisha mabamba, pasha bamba joto, ligonge taratibu hadi linyooke, na kutu itapukutika. Sehemu iliyoliwa kupita kiasi ikatwe na kuungwa kipande kipya, na kilichobaki kiachwe. Uchomeleaji wa chuma cha kufua unahitaji fundi aliyekizoea, maana tabaka la juu linaweza kushika huku la chini yake likibanduka. Chuma cha kusubu kilichopasuka hupasuka zaidi kikichomelewa ovyo, na mara nyingi ni salama zaidi kukishona kikiwa baridi kwa pini za chuma.

Kuhusu ribiti, wengi hushauri bolti zenye kichwa cha mviringo kwa sababu ni rahisi. Mimi natetea ribiti za moto. Ribiti huingizwa ikiwa na rangi ya chungwa, mmoja akishikilia kichwa chake na mwingine akigonga kwa nyundo ya hewa, na inapopoa hunywea na kuyabana mabamba. Ufundi huu umewahi kufundishwa katika Lansing Community College huko Michigan, na katika bustani ya madaraja ya kaunti ya Calhoun, karibu na Battle Creek, yapo madaraja yaliyohamishwa na kurejeshwa hivyo.

Baada ya kusafishwa hadi chuma kionekane, rangi ya kwanza yenye zinki ipakwe siku hiyohiyo, kabla unyevu haujaleta kutu mpya.

Unganisha daraja kwanza juu ya mbao kwenye uwanja tambarare, likiwa na mwinuko mdogo katikati, na ukaze fito za mshazari kwa zamu hadi zote zitoe mlio unaokaribiana zikigongwa. Kwenye misingi mipya, ncha moja ifungwe na nyingine iwe huru kuteleza: daraja lenye urefu wa lile la Kern hurefuka takriban sentimita 4 joto likipanda nyuzi 60 za Selsiasi, na likizuiwa litapasua msingi. Sakafu iwe ya mbao, kwani zege huongeza uzito ambao kenchi hizi hazikuuzoea. Madaraja ya waenda kwa miguu nchini Marekani hukokotolewa kwa takriban kilo 440 kwa kila mita ya mraba, na hesabu hiyo ikamilike kabla ya sakafu kuagizwa.

Nakala moja ya michoro na orodha ya vibati ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya, kwa ajili ya atakayelifungua tena daraja hili.