Kabla hujalipia mbuga wakati wa korona

Mwaka 2020 Tanzania ilifungua anga lake mwezi Mei, Kenya ikarudisha ndege za kimataifa Agosti, na watu wakaanza kuulizana: twende mbugani au tungoje? Mimi naona mbuga yenyewe si ya kuogopa sana. Ukiwa Serengeti ndani ya gari lililofunguliwa paa, upepo unakupiga usoni na jirani yako wa karibu ni nyumbu. Hatari iko njiani: foleni ya uwanja wa ndege, basi dogo lililojaa, ukumbi wa kulia chakula.

Kwa hiyo kodini gari lenu wenyewe, watu wa nyumba moja, hata kama mtakaa siku mbili badala ya nne. Na kabla hujatoa arubuni muulize wakala: nikiugua, au mipaka ikifungwa, narudishiwa hela au nasogezewa tarehe? Akuandikie. "Usijali, tutaelewana" si jibu.

Kama kuna mzee mwenye kisukari au pumu, kumbukeni kwamba kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, hadi hospitali kubwa za Arusha ni karibu kutwa nzima kwa gari. Huyo mtampeleka mwakani.