"Louie Louie" kwenye banda la injini: jinsi tulivyoirekodi kwa simu moja

Mchana natengeneza injini za boti Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Jumapili jioni banda hilohilo la mabati ndilo tunalofanyia mazoezi, na besi napiga mimi. Vijana wameniuliza sana tuliurekodije ule wimbo wa zamani wa Kimarekani, "Louie Louie", basi nawaelekeza.

Kodi ni tatu tu: A, D, E maina, halafu mnarudi D. Watu huharibu hapo kwenye E. Wanapiga E meja na wimbo unalainika kama wa harusi. Hesabu ni moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Pigeni hivyo bila kuimba, mpaka mpiga dramu aache kuhesabu kwa mdomo. Wetu alichukua dakika ishirini na soda mbili.

Kabla ya kukariri maneno, mwambieni mwimbaji kisa chenyewe. Richard Berry wa Los Angeles aliutunga mwaka 1955, mdundo akiuchota kwenye cha-cha-cha, muziki wa dansi wa Cuba, ya mwanamuziki René Touzet. Anayeimba ni baharia, anamweleza Louie, mhudumu wa baa, kuwa kuna msichana anamngoja Jamaica na safari ni siku tatu, usiku na mchana. Mwimbaji wetu kwao ni kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mapenzi ya kungoja chombo hakuhitaji kufundishwa. (Berry mwenyewe aliuza haki zake kwa dola 750 ili apate fedha za kuoa. Kila nikikumbuka naumia kama nimeuza mimi.)

Sasa simu. Bendi ya The Kingsmen waliurekodi Portland, Oregon, Aprili 1963. Maiki ilikuwa imening'inizwa juu, mwimbaji wao Jack Ely akaimba kidevu kikiwa hewani, meno yamefungwa vyuma. Nasi tuliifunga simu kwenye boriti kwa mpira wa tyubu, mwimbaji chini yake, spika za magita zikitazama ukutani. Zimeni laini, mara ya kwanza shemeji alipiga tukiwa katikati ya solo. Na mvua ikianza, fungeni kazi, bati halina adabu.

Maneno yasiposikika vizuri, msirudie kwa sababu hiyo. Ya Ely hayakusikika hata FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakachunguza zaidi ya miaka miwili kama kuna matusi, wakaicheza sahani ya santuri kwa kasi tofauti, wasiambulie neno. Gavana wa Indiana naye aliukemea. Wimbo ukafika namba 2 Marekani.

Kuna kosa linalojulikana: baada ya solo Ely aliingia mapema, akakatika, mpiga dramu wao Lynn Easton akaziba pengo kwa dramu. Msiliige. Sisi tulijaribu mara tatu, mwimbaji akawa anaingia mapema kwa mpango, kama mtu anayejikwaa mbele ya kamera. Pigeni mara moja, mwanzo hadi mwisho, na kitakachotokea kitokee.

Tuliyoibakiza ni ya nne. Solo inaisha, mlango unagongwa, mwimbaji anageuka na kuchelewa mzunguko mzima, dramu inajaza. Ukisikiliza vizuri utamsikia mteja wangu nyuma: "Fundi, plagi umeshaweka?"

Nilikuwa sijaweka.